Magoti yanauma, sijui kuogelea, nimeambiwa nifanye mazoezi ya kwenye maji: naanzia wapi?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, nakaa Tabata, ni mwalimu wa shule ya msingi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Magoti yananisumbua mwaka wa tatu sasa, nilipiga picha nikaambiwa yamesagika, mafuta yameisha, nipunguze uzito (nina kilo 94) na nifanye mazoezi ya kwenye maji. Nimerudi nyumbani nikabaki nashangaa. Kuogelea sijui hata kidogo, bwawa naliona tu kwenye harusi za hotelini. Nikitafuta kwenye simu naona video za wazungu. Nina presha natumia dawa. Halafu mimi ni Muislamu navaa stara, humo nitaingiaje? Naomba unielekeze hayo madarasa yanapatikanaje na nikifika nifanyeje.

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza niseme mi siyo daktari, ni mtu wa fiziotherapia, nimesomea KCMC kule Moshi na kazi yangu ya kila siku ndo hiyo hiyo ya magoti, nyonga na migongo, na wagonjwa wangu wengi nawaingiza kwenye maji. Swali lako limenigusa kweli manake kila wiki nakutana na mama kama wewe, ameandikiwa "mazoezi ya maji" kwenye karatasi, akatoka hospitali bila mtu kumwambia maji gani, wapi, kwa nguo gani, karatasi ikaishia kwenye pochi pamoja na risiti.

Kitu cha kwanza naomba ukitoe kichwani kabisa: huhitaji kujua kuogelea. Kwenye darasa la aerobiki ya majini watu wamesimama wima, miguu iko chini sakafuni, maji yanaishia kifuani, kichwa kiko juu muda wote. Mnatembea, mnanyanyua magoti, mnasukuma maji kwa mikono, kuna muziki na mwalimu anaonyesha mbele. Hakuna anayekwambia uzamishe uso. Kuna mama namjua anaenda mwaka wa sita huu na mpaka leo kuogelea hajui, na magoti yake yanampandisha ngazi za ghorofa ya tatu anakokaa. Kinachotakiwa ni kina kinacholingana na urefu wako na mwalimu ambaye macho yake yako kwenu, basi, mengine yote yanafuata, na ntakuwa naturudisha hapo hapo kila mara manake watu wanachagua darasa kwa bei na ukaribu wa daladala halafu wanaacha wiki ya pili kwa kuogopa maji.

Sasa hayo magoti. Kusema "mafuta yameisha" ni lugha tu tunayotumia ili mgonjwa aelewe haraka, ila naona inawaogopesha watu, mtu anahisi goti lake ni kama gari limeisha oili na likitembea ndo linazidi kuharibika, kwa hiyo anakaa. Kinachosagika ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na gegedu halina mishipa ya damu, chakula chake linakipata kwenye ute wa goti pale goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Ukikaa tu unalinyima. Na misuli ya paja ikilegea goti ndo linabebeshwa kila kitu peke yake. Kwa hiyo aliyekwambia ufanye mazoezi amekwambia sawa, shida ni kwamba nchi kavu kila hatua inauma, na hapo ndo maji yanapokuja.

Ukisimama maji yakakufika kiunoni, yanakubebea karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, pale chini ya matiti, yanabeba kama asilimia 70, na yakifika shingoni kama asilimia 90. Kwa kilo zako 94, maji ya kifuani yanakuachia kama kilo 28 hivi za kubeba kwa miguu, yaani uzito wa mtoto wa darasa la tatu kwenye shule yako. Magoti yale yale, ila mzigo ni wa mtoto. Ndo maana wamama wengi siku ya kwanza wakishatembea bwawani mara mbili tatu wananiangalia na kuniambia mbona haliumi, wengine machozi yanawatoka kabisa.

Lakini mzigo kupungua hakumaanishi kazi hamna. Jaribu hivi leo leo nyumbani: jaza ndoo kubwa maji, ingiza mkono, kiganja kikiwa upande kama kisu upeleke huku na huku taratibu, unapita tu. Sasa kigeuze kiganja bapa kama unapiga kofi, peleka tena, unasikia maji yanakataa? Ongeza mwendo uone. Ukizidisha mwendo mara mbili maji yanakataa kama mara nne. Hiyo ndo mashine yenyewe ya mazoezi, uzito unaujipimia mwenyewe, ukichoka unapunguza mwendo au unakunja ngumi, ukitaka zaidi unafungua kiganja. Huwezi kudondosha chuma mguuni. Na maji yanakataa pande zote, kwenda na kurudi, kwa hiyo misuli ya mbele ya paja na ya nyuma yote inafanya kazi.

Nisikudanganye pia kuhusu matokeo. Mwaka 2016 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za dunia nzima na kuzichambua kwa pamoja, walipitia majaribio 13 ya watu wenye magoti na nyonga zilizosagika wakakuta mazoezi ya majini yanapunguza maumivu na kurahisisha shughuli za kila siku, ila kwa kiasi kidogo, na walichopima ni pale tu mtu anapomaliza programu yake. Mi naona kidogo hicho ni kikubwa kwa mtu ambaye alikuwa hawezi kuinuka kwenye mkeka, ila hakiji kwa kwenda mara mbili ukaacha. Jipe wiki nane mpaka kumi na mbili ndo uhukumu.

Haya, kuyapata. Dar haya madarasa yapo ila hayajitangazi, ndo maana kwenye simu unaona wazungu tu. Yako kwenye hoteli zenye bwawa upande wa Masaki, Oysterbay, Mikocheni na katikati ya mji, kwenye klabu za michezo, kwenye shule zenye bwawa baada ya watoto kuondoka, na siku hizi hata kwenye majengo ya apatimenti, mpangaji mmoja anamleta mwalimu na wageni wanaruhusiwa kwa kulipia. Ukipiga simu mapokezi ya hoteli ukauliza "mna mazoezi ya kwenye maji" msichana atakwambia hamna, sio kwamba hamna, ni kwamba yeye hajui, manake mwalimu ni mtu wa nje anakuja saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa moja na nusu kabla zamu yake haijaanza. Mtu wa kumuuliza ni kijana anayesafisha bwawa. Huyo anajua kila anayeingia na kutoka. Nenda asubuhi mwenyewe au mtume mwanao, msalimie vizuri, muulize kama kuna kikundi cha wamama au wazee wanafanya mazoezi hapa na siku gani. Mi zaidi ya nusu ya madarasa ninayowaelekeza watu niliyajua kwa njia hiyo.

Njia nyingine ni makocha wanaofundisha watoto kuogelea Jumamosi. Wengi wao wanafundisha na watu wazima, na kama yeye hafundishi anamjua mwenzake. Ya tatu rudi hospitali ulikopigwa picha uende kitengo cha fiziotherapia, usiende kwa daktari aliyekuandikia, nenda dirishani kwa mafizio uwaulize wao wanawapeleka wapi wagonjwa wao. Na ujue majina yanabadilika, huyu ataita akwa aerobiki, yule akwa fitinesi, mwingine akwa zumba. Hiyo ya zumba kwa kuanzia iache, ina kuruka sana na kuzunguka haraka, goti lako lizoee kwanza.

Nairobi na Mombasa ni hivyo hivyo, klabu na hoteli, na YMCA ya Nairobi ina bwawa. Ila yale mabwawa makubwa ya mashindano ulizia kina kabla ya kupanda matatu, yamejengwa kwa ajili ya waogeleaji na mtu mfupi asiyejua kuogelea hana pa kusimama.

Ukishapata, USILIPE kwanza. Naweka herufi kubwa manake hapa ndo watu wanapotezea hela. Omba kwenda kuangalia darasa moja ukiwa umekaa pembeni na nguo zako. Kabla hujatoka nyumbani chukua tepu ya fundi cherehani jipime kutoka sakafuni mpaka chini ya matiti, ukiwa peku. Mwanamke wa urefu wa sentimita 155 hapo anapata kama mita 1.1. Hicho ndo kina unachokitafuta, kisizidi mita 1.2 hivi. Pembeni ya bwawa huwa wameandika namba, angalia hiyo 1.1 au 1.2 inaenda umbali gani kabla sakafu haijaanza kuteremka, manake mabwawa mengi ya hoteli yana upande mfupi sana wa kina kidogo halafu linashuka ghafla. Kama watu 15 wanabanana kwenye upande mdogo na wewe ukasukumwa hatua mbili unajikuta maji ya kidevuni, hilo bwawa siyo lako hata kama wamekupunguzia bei.

Halafu angalia unaingiaje na unatokaje. Hiki kitu sijui kwa nini hakisemwi. Mabwawa mengi yana ile ngazi ya chuma iliyosimama wima, mtu mwenye magoti mabovu kushuka anashuka, ila kupanda baada ya dakika 45 akiwa amechoka na uzito wake wote umemrudia ni mateso matupu. Tafuta bwawa lenye ngazi za kawaida za saruji zinazoingia majini taratibu na chuma cha kushika. Kama hakuna, uliza kama kuna upande wa watoto unaoungana na wa wakubwa, unaweza kuingilia huko.

Maji yenyewe yatazame. Usimame pembeni uone chuma cha kutolea maji kule chini upande wenye kina, ukikiona vizuri na mistari ya vigae inaonekana bas, kama maji ni kama togwa usiingie. Harufu kali ya klorini inayochoma macho watu wanadhani ndo usafi, kumbe mara nyingi ni kinyume, ni klorini iliyoungana na jasho na mkojo. Waulize bila aibu wanapima maji mara ngapi kwa siku, bwawa linalotunzwa vizuri watakuonyesha daftari. Na gusa maji usikie joto lake. Kwa darasa kama hili nyuzi 28 mpaka 30 ndo raha, mwezi wa saba Dar asubuhi sana maji ambayo hayapashwi moto yanakuwa baridi kwa mtu wa magoti, misuli inakaza, afadhali darasa la saa nne jua likiwa limeshapanda au la jioni. Walioko Arusha, Mbeya na Njombe hili ndo la kuuliza kwanza kabisa.

Sasa mwalimu. Kuna kitu kilinitokea miaka ya nyuma na bado kinaniuma. Nilimpeleka mgonjwa wangu kwenye darasa moja la klabu, mama mtu mzima kama wewe, nikakaa pembeni nimwangalie siku ya kwanza. Mwalimu alikuwa kijana mzuri mwenye nguvu, muziki juu, yuko nje ya bwawa anaruka na kuwapigia makofi waliokaa mbele. Mgonjwa wangu alikuwa nyuma. Akateleza, akakaa chini ya maji, na maji yale yalikuwa ya kifuani tu, angesimama yangeishia kifuani, ila mtu ambaye hajazoea akikosa sakafu hajui tena juu ni wapi. Sekunde kama nne tano hivi. Aliyemwona ni mwanamke wa pembeni yake, akamshika mkono akamwinua. Mwalimu hakugeuka hata, alijua baadaye tulipomwambia, na mlinzi wa bwawa hakuwepo kabisa asubuhi ile. Mama yule hakurudi tena kwenye maji, si kwa darasa lile wala lingine, nilimbembeleza miezi. Lile kosa ni langu pia manake nilimwamini mwalimu kabla sijamwona akifundisha.

Kwa hiyo siku ya kuangalia, angalia macho ya mwalimu. Anawatazama wa nyuma? Alipoanza aliuliza nani mgeni, nani hajui kuogelea, nani ana presha, sukari, moyo, kifafa? Kuna mlinzi wa bwawa ambaye kazi yake ni kuangalia tu na hachezei simu? Mwalimu akisimama nje ya maji siyo vibaya, anawaona wote vizuri na nyie mnaona miguu yake, mradi anawaona kweli. Muulize pia ana mafunzo gani ya kuokoa mtu na huduma ya kwanza. Akikasirika kwa swali hilo umeshapata jibu.

Kuhusu stara, mama, hili lisikuzuie hata kidogo. Ile nguo ya burkini iliyobuniwa na Aheda Zanetti kule Australia mwaka 2004 imeshafika mpaka kwetu, inafunika kichwa, mikono na miguu na imeshonwa kwa kitambaa cha nguo za kuogelea. Nungwi, Zanzibar, mradi mmoja unaoitwa Panje Project uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamefunikwa mwili mzima, na wasichana wale wale wakawa walimu wa wenzao. Wanawake wa pwani wanaingia baharini na nguo zao tangu enzi, kwa hiyo usijione wewe ndo wa kwanza. Kama hupati au bei imekushinda, taitsi ndefu ya kitambaa cha nailoni kinachovutika, blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa hicho hicho inayobana kiasi na kufika mapajani, na kofia ya kuogelea juu ya kilemba chepesi cha kubana. Kitambaa cha pamba usivae, kinanyonya maji kinakuwa kizito kama umebeba godoro, na hoteli nyingi hawakuruhusu nacho manake kinachafua chujio zao. Dera na khanga usithubutu kabisa, vinaelea, vinapanda juu, vinajifunga miguuni, na hapo ndo mtu anaanguka. Piga simu kabla uulize wanaruhusu burkini, wengine wana sheria zao za ajabu, usije ukaenda na teksi mpaka huko ukarudishwa mlangoni.

Kama hutaki kuchanganyika na wanaume, uliza kuhusu muda wa wanawake tu, yapo mabwawa yanayotenga, hasa ya shule na ya apatimenti. Na hata kama mwalimu ni mwanaume, akifundisha akiwa nje ya maji hana haja ya kumgusa mtu, mwambie mapema ungependa hivyo, walimu wa Dar wameshazoea hili.

Presha yako. Kama iko sawa kwa dawa, maji ni rafiki yako, endelea kumeza dawa zako muda wake na uende kupima wiki ile ya kuanza. Ila ukiingia kwenye maji mpaka kifuani maji yanaubana mwili pande zote, damu ya miguuni inasukumwa kurudi kifuani, moyo unapata kazi zaidi ya kuipokea, ndo maana mtu mwenye moyo kushindwa kufanya kazi au aliyepata mshtuko wa moyo karibuni asiingie mpaka daktari wake aseme. Kwa sababu hiyo hiyo utasikia mkojo baada ya dakika 20, ni kawaida kabisa, nenda chooni kabla hujaingia na ukibanwa katikati toka, mwalimu mzuri hatakuuliza. Mapigo ya moyo majini yanakuwa chini kidogo kuliko nchi kavu kwa kazi ile ile, kwa hiyo saa za mkononi za kuhesabu mapigo zisikutishe wala zisikuhadae, pima kwa mdomo: uweze kuongea sentensi nzima na jirani yako ila kuimba ushindwe. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au moyo unarukaruka, simama, shika ukingo, mwite mwalimu.

Kama kuna wenzako wa sukari wanasoma hapa, kula kidogo kabla, juisi iwe pembeni ya bwawa, na vaa viatu vya maji manake sakafu ya bwawa inakwangua kidole na mtu asihisi. Mwenye kidonda wazi, kuharisha, au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza asubiri apone.

Siku ya kwanza fika nusu saa kabla. Mwambie mwalimu mambo matatu kwa sauti, sijui kuogelea, nina presha, magoti yangu mabovu ni haya. Kaa karibu na ukingo upande wa kina kidogo, usikae nyuma kabisa. Kabla muziki haujaanza mwombe akufundishe kitu kimoja, kusimama ukishaelea. Huu ndo ufunguo wa mtu asiyejua kuogelea na unachukua dakika kumi kujifunza. Ukiangukia mbele, vuta magoti kuja kifuani, sukuma maji chini kwa viganja vyote viwili, inua kichwa, halafu shusha miguu, sakafu unaikuta. Ukiangukia chali, kidevu kifuani, magoti juu, chota maji kwa mikono kutoka nyuma kuja mbele kama unavuta kiti, miguu inashuka yenyewe. Rudia mara kumi ukiwa umeshika mkono wa mtu, halafu mara kumi bila kushika. Mama akishajua hiki unaona mabega yanashuka, hofu inatoka, ndo darasa linaanza kumwingia.

Darasa lenyewe ni dakika 45 mpaka 60. Mnapasha mwili kwa kutembea mbele, nyuma na kwa pembeni, kama dakika kumi. Inafuata sehemu ya kuhema, magoti juu, mateke madogo, mkasi wa miguu, halafu ya nguvu na zile dambeli za povu na yale mapovu marefu kama bomba, mwisho kunyoosha misuli. Yale mapovu siyo vifaa vya kuokolea, yanateleza, usiyategemee kukubeba. Mwalimu akisema "tusogee kwenye kina tuelee na mkanda" wewe baki hapo hapo ufanye ya kwako. Kuruka acha mwezi wa kwanza wote. Nusu ya mazoezi ukiyafanya vizuri siku ya kwanza inatosha.

Ukitoka utashtuka. Pale kwenye ngazi uzito unakurudia wote kwa mara moja, miguu inakuwa kama ya saruji, shika chuma, panda taratibu, ule mguu wenye nafuu utangulie, kaa dakika tano kwenye kiti, kunywa maji. Na sakafu ya pembeni inateleza, ndala zako ziwe karibu. Kwa goti sheria yangu ni ya masaa mawili: likiuma zaidi kidogo baada ya darasa na likatulia ndani ya muda huo ni sawa, likiendelea kuuma zaidi mpaka usiku ulizidisha, darasa linalofuata punguza, usiache. Ngozi na nywele suuza na maji safi hapo hapo, paka mafuta ya nazi mwili ukiwa bado na unyevu, klorini inakausha vibaya.

Mara mbili kwa wiki anza nazo, tatu ukiweza. Shirika la Afya Duniani wanataka watu wazima wafike angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo siku nyingine tembea mtaani kwa muda ambao goti linaruhusu. Usiache nchi kavu kabisa mama, manake kwa umri wetu wanawake mifupa inapungua nguvu na maji yanapokubebea uzito hayaiimarishi mifupa sana. Nyumbani kaa kwenye kiti kigumu, inuka bila kushika, kaa tena, mara kumi asubuhi na kumi jioni, baada ya chai. Na uzito, maji peke yake hayataushusha, sahani ndo itafanya kazi kubwa, ila kila kilo moja unayopunguza goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua, kwa hiyo hata kilo tano siyo kidogo hata kidogo.

Bei sitaji manake zinatofautiana mno, ila uliza swali hili: hiyo hela ni pamoja na kiingilio cha bwawa au kiingilio ni pembeni? Hapo ndo wengi wanaponaswa. Na lipa kwa siku kwanza, madarasa manne, kabla hujalipa mwezi.

Kama Tabata kwenda Masaki mara mbili kwa wiki ni mbali na foleni ile, basi fanya walivyofanya wamama fulani wa Kinyerezi, hawakupata darasa wakalitengeneza. Kwenye ofisi yako ya walimu wewe siyo mwenye magoti peke yako, nina uhakika. Mkipatikana wanane, tafuteni bwawa la shule au la apatimenti karibu na nyie, ongeeni na mwenyewe kuhusu saa ambazo halitumiki, mleteni mwalimu. Tuseme anataka elfu themanini kwa kipindi, kila mtu ni elfu kumi, halafu kiingilio mnaombea bei ya kikundi. Fungueni grupu la wasap, mmoja akikosa anaulizwa yuko wapi. Faida nyingine ni kwamba wanawake mko wenyewe, stara inakuwa rahisi, na mwalimu wa watu wanane anamwona kila mmoja.

Watu wataniuliza kuhusu bahari, ni bure. Bahari naipenda ila kwa mtu wa kuanza hapana, sakafu hailingani, kuna mkondo, bamvua ikivuta maji yanabadilika ndani ya muda mfupi na miiba ya chini haionekani. Ukishazoea miezi kadhaa, mahali penye mchanga mtupu, maji yametulia, mko kundi na mmoja anajua kuogelea, sawa. Ziwa Victoria kwa walioko Mwanza na Musoma nakataa kabisa, kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba.

Mama, wiki hii fanya vitu viwili tu, jipime na tepu, na mtume mwanao akaongee na kijana wa bwawa mahali pamoja. Ukipata, piga picha ngazi za kuingilia na zile namba za kina pembeni, uniletee hapa kabla hujalipa chochote, ntaziangalia.